Jino likitoka, mfupa wa taya nao hufunga safari

Msomaji, ukipata nafasi ya kusimama karibu na kituo cha mpaka mjini Busia, pale vijana wa bodaboda wanapopanga pikipiki zao wakingoja abiria wanaotoka upande wa Uganda, hebu watazame wanapocheka. Wengi ni vijana wenye nguvu zao, lakini hutakosa kumwona mmoja aliye na pengo mbele, meno mawili au matatu hayapo. Ukimwuliza atakujibu kwa mkato kwamba alianguka. Atakwambia pia kwamba ameshazoea, na kwamba siku moja akipata pesa ataweka meno mengine.

Ni hiyo "siku moja" inayotuhusu leo. Pengo analoliona kijana huyu kwenye kioo ni sehemu tu ya hasara aliyopata. Sehemu nyingine imo chini ya ufizi. Haiumi wala haitoi damu, nayo inaendelea kadiri anavyongoja: mfupa wa taya uliokuwa ukiyashikilia meno hayo unapungua.

Hata jina la bodaboda, kama inavyosimuliwa, lilizaliwa papa hapa. Katika miaka ya 1960 wenye baiskeli walibeba watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, "boda, boda". Aliyeanguka na baiskeli alichubuka goti. Anayeanguka na pikipiki bila kofia ya kufunika kidevu, tena katika barabara yenye malori marefu yanayoelekea Malaba, aghalabu huangukia uso.

MFUPA USIO NA KAZI

Wengi wetu hudhani mfupa ni kitu kilichokufa, kama jiwe au gogo kavu. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai chenye damu, na ndani yake mna seli zinazojenga na nyingine zinazobomoa, usiku na mchana. Mfupa wa paja hukaa imara kwa sababu unabeba uzito wako. Mfupa unaozunguka meno nao hupata kazi yake kutoka kwa meno yenyewe. Kila unapotafuna muwa au mahindi ya kuchoma, mzizi wa jino huvuta nyuzi ndogo mno zinazouunganisha na taya, na mvuto huo ndio unaoufanya mwili uendelee kuutunza mfupa huo. Jino likitoka, kazi imekwisha. Mwili hautunzi kisicho na kazi.

Na mwili haukawii. Mwaka wa 2003 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliong'olewa jino la nyuma na kufuatiliwa kwa muda wa mwaka mmoja. Ukingo wa taya mahali jino lilipokuwa, uliokuwa na upana wa milimita 12 kwa wastani, ulipungua hadi karibu milimita 6. Theluthi mbili ya upungufu huo ilitokea katika miezi 3 ya kwanza. Yaani nusu ya upana ilipotea kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikwenda kabla mgonjwa hajaanza hata kufikiria meno ya bandia.

Kwa meno ya mbele mambo ni magumu zaidi. Ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo ni mwembamba sana, mara nyingi haufiki milimita 1. Jino likigongwa, ukuta huo huweza kuvunjika pamoja nalo.

Wenyeji wa magharibi ya Kenya wana mfano wa jambo hili nyumbani kwao. Zamani Waluo, na baadhi ya jamii za Waluhya, walikuwa wakiwang'oa vijana meno ya mbele ya chini ili kuwaingiza katika utu uzima. Desturi hiyo imefifia, lakini mzee wa rika hilo akikufunulia kinywa utaona pale mbele ufizi umekaa chini kuliko pande zote mbili, kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Hakuna ugonjwa uliomla. Ni taya lililokosa kazi kwa miaka mingi.

Kuna na njia nyingine ya kupoteza mfupa, isiyo na ajali wala desturi, nayo huwapata watu wengi zaidi. Huu ni ugonjwa wa fizi. Hapa mambo huenda kinyume: mfupa hutangulia kuondoka na jino hufuata. Uchafu mgumu hujikusanya shingoni mwa jino, ufizi huvimba na kutoa damu unapopiga mswaki, na chini yake mfupa hupungua kwa miaka bila maumivu yoyote. Mtu huja kushtuka jino zima, lisilo na tundu hata moja, linapoanza kucheza. Fizi zinazotoa damu kila asubuhi usizizoee.

UNGA UNAOSHIKA NAFASI

Sasa tuingie katika habari ambayo pengine umeisikia kwa mtu aliyetoka Nairobi au Kampala: kwamba siku hizi madaktari wa meno "wanapanda mfupa". Ni kweli, lakini maneno hayo yanaahidi zaidi ya yanayotendeka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1892 daktari Mjerumani aitwaye Dreesmann alieleza alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta, jamii ile ile ya unga mweupe unaofungia mkono uliovunjika. Mwili uliiyeyusha plasta pole pole na mfupa ukachukua mahali pake. Aina iliyosafishwa ya plasta hiyo ingali inatumika hadi leo.

Kanuni haijabadilika tangu wakati huo. Unga unaotiwa ndani ya shimo la jino si mfupa. Ni kama miti ambayo fundi huisimamisha kando ya nyumba ili apate pa kukanyagia. Seli zako za mfupa hupanda juu ya punje hizo, damu huingia katikati, na mfupa mpya hujengwa taratibu. Bila jukwaa hilo shimo huporomoka ndani kabla mafundi hawajafika.

Punje hizo hutoka wapi? Mfupa bora kuliko wote ni wako mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni, nyuma ya magego au nyongani, kwa sababu unakuja na seli zilizo hai. Ubaya wake ni kwamba utakuwa na vidonda viwili badala ya kimoja. Kuna mfupa wa binadamu aliyeutoa kwa hiari kabla ya kufa, ukasafishwa na kuhifadhiwa. Kuna mfupa wa ng'ombe uliotolewa protini zote kwa joto na dawa, ukabaki madini matupu, na punje zake hukaa ndani ya taya kwa miaka. Kuna unaotokana na nguruwe, na kuna uliotengenezwa kwa matumbawe ya baharini. Kisha kuna unga wa kiwandani wa kalsiamu na fosfati, ukiwamo uitwao haidroksiapataiti, ambao ni ndugu wa madini yaliyo katika meno na mifupa yetu.

Nao ule wa kioo una hadithi yake. Mwaka wa 1967 Mmarekani Larry Hench, mtaalamu wa vioo, alikuwa safarini ndani ya basi, ameketi karibu na kanali aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Kanali alimwuliza kama angeweza kubuni kitu ambacho mwili hautakikataa, maana askari wengi walikuwa wakikatwa miguu na mikono. Mwaka wa 1969, huko Florida, Hench alipata kioo kinachoshikamana na mfupa hata usiweze kuvitenganisha. Leo unga wa kioo cha aina hiyo hujazwa katika mataya.

Neno kwa wasomaji Waislamu, na kwa Wasabato na Wahindu pia: uliza unga na utando wake vimetoka kwa mnyama gani kabla hujalala kwenye kiti. Habari hiyo imeandikwa kwenye pakiti. Daktari mzuri hatakasirika, na unga wa kiwandani upo kwa asiyetaka kitu cha mnyama.

UTANDO, DAMU NA PROTINI

Unga peke yake hautoshi. Nyama ya ufizi hukua haraka kuliko mfupa, na ikiachwa itakimbilia ndani ya shimo na kulijaza kabla mfupa haujapata nafasi. Mwaka wa 1982 wataalamu wa Sweden wakiongozwa na Sture Nyman walijaribu jambo jepesi ajabu: waliweka karatasi ya chujio kati ya ufizi na mzizi wa jino lenye ugonjwa, ili kuzuia seli za ufizi zisipite. Jaribio lilifaulu, na kutokana nalo ukaja utando unaotumika sasa kufunika unga, mara nyingi wa kolajeni inayoyeyuka yenyewe baada ya majuma au miezi.

Daktari mwingine anaweza kukutoa damu kidogo mkononi, aizungushe katika mashine kwa dakika kadhaa, kisha akate kipande cha utelezi wa manjano kilichojitenga na kukiweka juu ya kidonda. Njia hii ilianzishwa na Mfaransa Joseph Choukroun mwaka wa 2001. Haina gharama kubwa, maana damu ni yako, na husaidia ufizi kupona. Kwamba hukuza mfupa, ushahidi wake bado si wa kutegemewa sana, kwa hiyo usikubali kuuziwa kama dawa ya taya.

Ghali kuliko zote ni protini inayouamrisha mwili ujenge mfupa. Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha mwaka wa 1965 kwamba mfupa ulioondolewa madini ukizikwa katika msuli wa mnyama huotesha mfupa mpya mahali ambapo haukuwapo. Ilichukua zaidi ya miaka 40 hadi Marekani ikaruhusu, mwaka wa 2007, protini ya namna hiyo itumike katika taya. Ina nguvu, inavimbisha uso kwa siku kadhaa, na bei yake huwafukuza hata matajiri.

JE, INAFAA KUTOA PESA?

Swali hili watu hulizunguka, nami nitajaribu kulijibu waziwazi.

Kujaza shimo siku ile ile jino linapong'olewa hakuzuii taya kupungua. Kunapunguza upungufu. Kwa wastani mgonjwa huokoa milimita 1 au 2 za mfupa ikilinganishwa na yule ambaye shimo lake liliachwa lipone lenyewe. Unaweza kucheka ukisikia milimita 1. Lakini skrubu ya titani ambayo jino la kudumu hukaa juu yake, ile iliyoanza kuwekwa kwa binadamu mwaka wa 1965 na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, ina upana wa milimita 4 hivi na inahitaji mfupa pande zote. Milimita hiyo moja ndiyo inayoamua kama utawekewa jino moja kwa moja au utahitaji operesheni nyingine kwanza.

Kwa hiyo, ikiwa unapanga kuweka jino la skrubu katika mwaka huu au ujao, hasa la mbele, unga ni pesa iliyotumika vyema. Ikiwa huna mpango huo na meno utakayovaa ni yale ya kuvua usiku, kwa maoni yangu zitunze pesa zako. Zitumie kusafisha na kutibu meno yaliyobaki, kwa sababu mfupa rahisi kuliko wote ni ule ambao hujaupoteza.

Na likiwa shimo limepona zamani, miaka mitano au kumi iliyopita? Bado yapo ya kufanya, lakini kazi ni kubwa: ufizi hufunguliwa, mfupa huongezwa kwa upande, utando hushonewa juu, kisha mgonjwa hungoja miezi 4 hadi 6, pengine 9, kabla ya skrubu kuingia. Gharama hupanda kwa kila hatua. Kijana wetu wa bodaboda anayengoja "siku moja" anajiongezea bili bila kujua.

Wapo ambao daktari atawaambia wangoje. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona kwa taabu na kidonda chake huingiwa na usaha upesi. Mvuta sigara naye damu haifiki vizuri kwenye ufizi, na unga wake unaweza kutoka wote. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, ambazo hupewa baadhi ya wagonjwa wa saratani, lazima aseme kabla ya kuguswa, maana taya lake laweza kukataa kupona kabisa. Anayeishi na virusi vya ukimwi na kumeza dawa zake vizuri hazuiwi kwa sababu hiyo tu. Aseme bila haya, ili daktari apime kinga yake kwanza.

KUTOKA BUSIA HADI ELDORET

Kwa mkazi wa mpakani, mlango wa kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, au ile ya Kocholya kwa walio Malaba na Amagoro. Huko jino hung'olewa na jeraha hutazamwa. Kwa mfupa na skrubu, wengi huelekezwa kwa wataalamu wa Eldoret, kwa njia ya Bungoma na Webuye, au Nairobi, ambako chuo kikuu kimefunza madaktari wa meno tangu mwaka wa 1974. Wengine huvuka na kwenda Kampala.

Ukishajua kwamba jino lazima ling'olewe, uliza kuhusu mfupa kabla ya kung'olewa, hata kama utang'olewa Busia na kumaliziwa kwingine. Jino linaweza kutolewa kwa upole, mzizi ukagawanywa vipande, ukuta ule mwembamba ukasalimika. Linaweza pia kung'olewa kwa nguvu na kuondoka na nusu ya ukuta. Tofauti hiyo haihitaji unga wala mashine ya bei. Inahitaji mkono wenye subira, na ndiyo sababu watu wanaong'oa meno sokoni kwa koleo ni hatari hata pale wasipoambukiza ugonjwa.

Na kwa aliyeanguka leo, jino zima likamtoka: likamate upande mweupe unaotafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kusugua, lirudishe shimoni na uume kitambaa. Ukishindwa, lizamishe ndani ya kikombe cha maziwa. Fika hospitali kabla ya saa moja kwisha. Jino lililorudishwa huweza kushika, na hata lile litakaloliwa mzizi baadaye hulinda mfupa kwa miaka kadhaa. Haya ni kwa meno ya ukubwani. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu laweza kuumiza jino linalokuja chini yake.

UVIMBE SI SHIMO

Unga huu ni wa nafasi ndogo. Uvimbe wa taya unaokua kwa miaka, bila maumivu, hadi uso ukapinda, huhitaji kukatwa pamoja na kipande cha taya, na pengo la ukubwa huo hujengwa kwa mfupa hai wa muundi mwembamba wa mguu wa mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo ilielezwa mwaka wa 1989 na David Hidalgo wa New York. Usichelewe ukidhani ni jino bovu.

Kwa watoto uharaka ni mkubwa zaidi. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Denis Burkitt kutoka Ireland alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika mataya yote, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu saratani hiyo ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Hutokea zaidi palipo na malaria nyingi, na Busia ni mojawapo ya mahali hapo. Mtoto wa miaka mitano hadi tisa huanza kwa meno ya nyuma kulegea na shavu kuvimba, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi humpeleka ang'olewe meno. Meno yakishang'olewa, siku zinapotea na uvimbe unaendelea. Mtoto huyu anahitaji kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kipimwe, kisha dawa za saratani, Eldoret au Kisumu. Wengi hupona wakiwahi, na kwa mtoto mfupa ulioliwa hujijenga wenyewe, bila unga wa mtu yeyote.

Kabla ya kumlipa daktari yeyote akupandikizie mfupa, upande wowote wa mpaka, hakikisha amesajiliwa. Kenya kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na Uganda ina lake. Majina yanaweza kuulizwa. Omba picha ya eksirei ya kabla na ya baada, nazo ziwe zako. Kila pakiti halali ya unga, utando au skrubu huja na karatasi ndogo ya kubandika yenye jina na namba yake. Mwambie abandike moja kwenye kadi yako. Ikiwa ulitibiwa Kampala na usaha ukaanza ukiwa Malaba usiku, daktari wa Kocholya atajua kutokana na karatasi hiyo kilichomo ndani ya taya lako.